Kuishi na VVU ukiwa umehama: dawa zako, haki zako na sauti yako

Tarehe 24 Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, hakuna aliyepata nafasi ya kupanga mzigo. Wengine walishika njia za msituni kuelekea Nangade na Mueda, wengine walijibana Quitunda karibu na Afungi, wengine wakapanda mashua hadi Pemba. Mwenye mtoto alibeba mtoto, mwenye mzee alimshika mkono mzee. Kopo la vidonge lililofichwa nyuma ya gunia la mchele au ndani ya kapulana iliyokunjwa, ili wageni wasilione, lilibaki hapo hapo. Watu wa Mocímboa da Praia walikuwa wamekwisha kupitia hayo mwaka mmoja kabla, mji wao ulipovamiwa mwezi Machi, kisha Juni, na mwishowe kutekwa mwezi Agosti 2020.

Tunazungumzia watu wengi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba Msumbiji ina VVU kwa asilimia 12.5 ya watu wazima, yaani karibu mtu mmoja kati ya wanane. Kufikia mwisho wa mwaka 2022, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehama makwao kwa sababu ya vita vya Cabo Delgado. Ukiweka hesabu hizo mbili pamoja, utaelewa kwamba katika kila mashua iliyofika ufukwe wa Paquitequete, na katika kila uwanja wa kugawia chakula, wamo watu wanaohitaji kidonge kila siku mpaka mwisho wa maisha yao, na wengi wao hawajamwambia hata jirani wa kitanda.

Makala hii inaeleza namna ya kushika dawa wakati maisha hayatulii, na namna ambavyo wagonjwa wenyewe, hapa Msumbiji na kwa majirani zetu, wamewahi kubadilisha huduma iliyokuwa ikiwashinda. Mambo haya mawili hayaachani. Mtu asiye na afya hana nguvu ya kudai chochote, na asipodai, kuna siku atafika dirishani akute dawa hakuna.

Kwa nini dawa hazikatizwi

Dawa za VVU, ambazo huku wengi tunaziita kwa jina la Kireno TARV, haziui virusi vyote. Zinavifunga visizaliane. Virusi vichache hubaki vimejificha ndani ya mwili, vimelala. Dawa ikiwepo kwenye damu kila siku, vinaendelea kulala. Ikikatika kwa wiki kadhaa, vinaamka na kuzaliana upya, na askari wa mwili wanaanza kupungua tena. Mtu anaweza kujiona mzima kabisa kwa miezi mingi huku hayo yanaendelea ndani, na hapo ndipo wengi wanadanganyika.

Hatari nyingine ni kupunguza dozi. Wakati wa kukimbia, watu wengi hufanya jambo linaloonekana la busara: wanameza siku moja na kuruka siku moja ili kopo lidumu, au wanagawana na ndugu aliyepoteza za kwake. Moyo ni mzuri, lakini matokeo ni mabaya kwa wote wawili. Dawa inapokuwa kidogo kwenye damu haivifungi virusi vyote; vile vikali zaidi vinabaki na kuzaliana, na baadaye dawa ile ile haivitishi tena. Hiyo ndiyo maana ya usugu. Ni bora umeze dozi kamili kila siku huku unatafuta kituo cha afya haraka, kuliko kuzinyoosha ziende mbali.

Habari njema ni kwamba dawa za leo ni rahisi kuliko za zamani. Watu wazima wengi sasa wanapewa kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Kidonge hiki humezwa kwa chakula au bila chakula. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kila mgao wa chakula unapopunguzwa tunasikia watu wameacha dawa, wakiamini kwamba kumeza tumbo tupu kunaua. Njaa ni mbaya, na inafaa kuidai haki ya chakula kwa sauti kubwa, lakini usikiache kidonge kwa sababu hujala.

Wakati wa Ramadhani pia hakuna haja ya kuchagua kati ya dini na dawa. Mwenye kidonge kimoja kwa siku anaweza kukimeza baada ya futari, akashikilia saa hiyo hiyo mwezi mzima. Anayetibiwa kifua kikuu kwa pamoja na VVU hali yake ni tofauti kidogo, kwa sababu dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampicin hupunguza nguvu ya dolutegravir, na kwa hiyo huongezewa kidonge cha pili saa kumi na mbili baadaye. Huyo azungumze na mhudumu wa afya kabla mwezi haujaandama, sio baada ya kufunga siku kumi. Na mama mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu asivimeze na dolutegravir kwa wakati mmoja tumbo likiwa tupu. Avimeze pamoja na chakula, au ameze dolutegravir saa mbili kabla ya vidonge vya damu, ama saa sita baada yake.

Jambo moja zaidi ambalo bado halijafika kila kaya. Mtu anayemeza dawa vizuri mpaka kipimo cha wingi wa virusi, ile carga viral, kinashindwa kuviona kwenye damu, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Shirika la Afya Duniani limelithibitisha hilo. Ndoa nyingi zilizovunjika kambini kwa hofu zingeweza kubaki kama habari hii ingefika mapema.

Umefika mahali papya na huna karatasi

Kwa utaratibu wa kawaida, mtu anayehama wilaya huomba guia ya uhamisho kwenye kituo chake cha zamani, akaipeleka kwenye kituo kipya. Katika vita hakuna anayeomba guia. Vituo vyenyewe vilichomwa au vikafungwa, na madaftari yakapotea pamoja na majengo.

Kukosa karatasi kusikuzuie kwenda. Viwango vya kimataifa vya misaada, vile vinavyoitwa Sphere, vinataka mtu aliyekwisha kuanza dawa za VVU aendelee kuzipata hata kwenye dharura, na katika vituo vya serikali nchini Msumbiji dawa hizi hutolewa bure. Nenda kituo cha karibu na umwambie mhudumu, faragha, kwamba ulikuwa kwenye TARV. Mweleze unachokumbuka: jina la kituo cha zamani, mwaka ulioanza, rangi na umbo la kidonge, mara ngapi kwa siku, na siku uliyomeza mwisho. Kama una kopo tupu, lipeleke hata kama limepasuka, kwa maana maandishi ya ubavuni yanamwambia mhudumu karibu kila anachohitaji kujua.

Sasa hivi, ukiwa umetulia, fanya jambo dogo linaloweza kukuokoa baadaye. Piga picha ya kadi yako kwa simu, au umtumie picha hiyo ndugu mmoja unayemwamini aliye mbali, Nampula, Mtwara au popote. Asiye na simu aandike jina la dawa na namba yake ya mgonjwa kwenye kikaratasi, akikunje ndani ya kijifuko cha plastiki, akishone kwenye pindo la nguo. 

Kuhusu kopo, tumeona tatizo ambalo mabango ya afya hayalisemi. Wengi wa waliohama hawaishi kwenye mahema. Wanaishi kwa ndugu na wenyeji, watu kumi na watano ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Humo ndani vidonge vinavyocheza ndani ya kopo vinasikika, na kila mtu anaijua sauti ile. Kwa hiyo wengine huvihamishia kwenye mfuko wa nailoni, vikaingia unyevu na kuharibika. Ukitaka kuizima sauti, jaza pamba safi juu ya vidonge ndani ya kopo lile lile, na usikitoe kile kijipakiti kidogo kinachonyonya maji. Weka kopo mbali na bati la paa, kivulini.

Kama uliacha dawa kwa miezi, au kwa miaka, rudi. Huenda ukapimwa damu kabla ya kuanza tena, hasa kujua kama askari wa mwili wameshuka chini ya 200, kwa sababu mtu wa namna hiyo huhitaji kuangaliwa pia kifua kikuu na maambukizi mengine. Baadhi ya watu hawarudi kwa kuogopa kukaripiwa. Nakiri kwamba kukaripiwa kupo. Niliwahi kukaa kwenye benchi la kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja, nikasikia mwanamke akiulizwa kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni alikokuwa miezi yote hiyo. Alikuwa amekimbia vita mara mbili. Hakujibu kitu, alijifunika mtandio akaondoka, na sikumwona akirudi siku ile. Kosa halikuwa la mwanamke yule, na hapa ndipo suala la kudai linapoanza.

Tete: wagonjwa sita na safari moja

Mkoa wa Tete uko mbali nasi, lakini watu wake walikuwa na tatizo tunalolijua. Miaka ya 2000, mtu aliyekuwa kwenye dawa alilazimika kwenda kituo cha afya kila mwezi. Kituo kilikuwa mbali, nauli ya chapa ilikuwa kubwa, shamba lilibaki bila mtu, na ukifika unakuta foleni ya kutwa nzima. Watu waliacha dawa bila kuzichukia. Walichoshwa na barabara.

Mwaka 2008, mamlaka ya afya ya mkoa pamoja na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walianza kufanya kazi na vikundi vya wagonjwa wenyewe. Kikundi kilikuwa na watu wasiozidi sita wanaokaa jirani. Kila mwezi walikutana nyumbani kwa mmoja wao, wakahesabu vidonge vilivyobaki, wakaulizana nani anakohoa, nani amepungua uzito, nani ana mimba. Halafu mmoja wao alibeba kadi za wote akaenda kituoni. Huyo alionana na mhudumu kwa ajili yake mwenyewe, akapimwa, akatoa taarifa za wenzake watano, akarudi na dawa za wote. Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya mwingine. Kwa hesabu hiyo kila mmoja alifika kituoni mara moja kwa miezi sita badala ya mara sita, na bado hakuna aliyekaa bila kuangaliwa.

Kwa Kireno vikundi hivi vinajulikana kama GAAC. Matokeo ya mwanzo, kuanzia Februari 2008 hadi Mei 2010, yalihusu watu 1,384 katika vikundi 291. Ukiondoa waliohamia sehemu nyingine, asilimia 97.5 walikuwa bado kwenye matibabu. Waliopotea wasijulikane walipo walikuwa wawili tu. Wawili! Baadaye Wizara ya Afya iliuchukua utaratibu huo ukawa wa taifa.

Ninachokipenda katika habari ya Tete ni kwamba haikuanza na maandamano wala hotuba. Ilianza na watu waliosema shida yao kwa usahihi: hatushindwi na dawa, tunashindwa na safari. Wahudumu nao walikubali kusikiliza. Malalamiko yenye umbo hilo hupata jibu upesi kuliko yale ya kusema tu kwamba huduma ni mbaya.

Je, kikundi cha namna hii kinawezekana kwa watu waliohama? Kinawezekana, lakini si kila mahali, na mtu asikudanganye. Faida yake ni kubwa pale ambapo kituo kiko mbali na njia haina usalama, kwa sababu mtu mmoja akisafiri ni bora kuliko sita. Ugumu wake ni siri. Tete watu walijuana tangu utoto. Katika makazi mapya, anayebeba kadi yako ulikutana naye mwezi uliopita kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo vikundi vinavyodumu ni vile ambavyo watu wamechaguana wenyewe, sio vile vilivyopangwa na mtu mwenye daftari. Na kijiji kikitawanyika usiku mmoja, kadi za watu sita ziko mkononi mwa mmoja. Kwa hiyo kadi zirudi kwa wenyewe siku ile ile dawa zinapofika. Kama hutaki kikundi, uliza kuhusu kupewa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo. Utaratibu huo upo nchini kwa wagonjwa waliotulia.

Waliosema kabla yetu

Afrika Mashariki mengi ya tunayoyapata leo yalitangulia kuombwa na wagonjwa na jamaa zao. Uganda, Noerine Kaleeba alifiwa na mumewe, Christopher, mwezi Januari 1987. Mumewe aliambukizwa kwa damu aliyoongezewa hospitalini. Mwaka huo huo Kaleeba na wenzake wachache walianzisha TASO, chama cha kuwasaidia wenye UKIMWI na familia zao, wakati hakukuwa na dawa yoyote ya kuwapa zaidi ya kuwa nao karibu. Baadhi ya wale waanzilishi walikuwa wagonjwa wenyewe na hawakuishi muda mrefu. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya akarudi nyumbani kutoka Sweden, akatangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, akazunguka mashuleni akizungumza na vijana huku mwili unamwisha. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huo huo.

Kenya, mwaka 2008, Bunge lilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa bandia. Nia ilikuwa njema, lakini maneno ya sheria yalikuwa mapana kiasi kwamba dawa halali zinazotengenezwa kwa bei nafuu, nyingi zikitoka India, zingeweza kuhesabiwa kuwa bandia. Watu watatu wanaoishi na VVU, akiwemo Patricia Asero Ochieng, walikwenda mahakamani mwaka 2009. Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba vifungu hivyo vinatishia haki ya kuishi, ya utu na ya afya iliyo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kesi hiyo inamhusu hata mtu wa Palma. Kidonge tunachokimeza huku ni cha bei nafuu kwa sababu hiyo hiyo ya viwanda kuruhusiwa kukitengeneza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 matibabu ya mwaka mmoja katika nchi tajiri yaligharimu dola 10,000 au zaidi. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza kwamba unakinunua kidonge cha dawa tatu kwa chini ya dola 45 kwa mwaka kwa mtu mmoja.

Afrika Kusini kuna habari nyingine, na hii naitoa kama tahadhari. Zackie Achmat, aliyesaidia kuanzisha chama cha TAC mwezi Desemba 1998, aliapa kutomeza dawa za VVU mpaka maskini wote wazipate hospitalini za umma. Mwaka 2002 Nelson Mandela alimtembelea nyumbani akamsihi ameze. Alikataa. Aliugua vibaya. Mwezi Agosti 2003 wanachama wenzake, kwenye mkutano wao, ndio waliomwomba aache kugoma, na akaanza dawa. TAC ilishinda mengi, ikiwemo hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Julai 2002 iliyoilazimisha serikali kuwapa akina mama wajawazito dawa ya kumkinga mtoto. Mimi namheshimu Achmat, lakini sitamshauri mtu yeyote amwige. Ukidai haki za wagonjwa, kazi yako ya kwanza asubuhi ni kumeza kidonge chako.

Kudai bila kujitangaza

Wengi husita kusema kwa sababu wanadhani lazima wasimame mbele ya watu wataje hali yao. Sivyo. Unaweza kulalamikia foleni, lugha, umbali au upungufu wa dawa bila kueleza unatumia dawa gani. Foleni ni ya wote. Hata mwenye presha na mwenye kisukari wanakaa kwenye foleni hiyo hiyo, na kusema kweli hao wana hali ngumu zaidi kwa upande mmoja: wenye VVU wana vyama, wana vikundi, wana historia niliyoisimulia hapo juu. Mwenye kisukari aliyekimbia na chupa moja ya insulini mara nyingi yuko peke yake. Mkishirikiana, sauti inakuwa nene na hakuna atakayejua nani ana nini.

Mahali pa kupeleka neno ni zaidi ya pamoja. Vituo vingi vya afya vina kamati ambayo wanajamii hukaa pamoja na wahudumu, comité de co-gestão, na kamati hiyo ina kazi hasa ya kusikia namna wagonjwa wanavyohudumiwa. Uliza nani anawakilisha bairro lako. Kama hakuna mtu wa waliohama ndani yake, hilo lenyewe ni ombi la kwanza la kupeleka kwa secretário wa bairro. Kuna daftari la malalamiko, na kuna Linha Verde, namba 1458, ambayo hupigwa bure na hupokea malalamiko kuhusu misaada ya kibinadamu. Ukipiga, eleza siku, mahali, jambo lililotokea na unachoomba kifanyike. Usianze na mwaka 2017.

Toa ombi linaloweza kutekelezwa. Badala ya kusema wahudumu hawatuheshimu, sema: tunaomba chumba chenye mlango kwa ajili ya maswali ya dawa. Badala ya kusema hatuelewi, sema: tunaomba mkalimani wa Kimwani na wa Kimakonde siku za Jumanne, na asiwe jirani yetu wa nyumba. Suala la mkalimani ni zito kuliko linavyoonekana. Mtu wa Palma au Quionga anayezungumza Kimwani au Kiswahili, akipewa maelezo ya dozi kwa Kireno, anaitikia kwa kichwa kwa adabu, anaondoka. Adabu yetu hapo inatuponza. Na akitafsiriwa na kijana wa mtaa wake, atasema nusu tu ya yaliyomo.

Lingine linalolalamikiwa mara kwa mara ni dirisha la peke yake au siku ya peke yake kwa wenye VVU. Waliopanga walitaka kuharakisha huduma, na pengine inaharakisha kweli. Lakini katika makazi ya watu elfu chache, anayesimama kwenye dirisha lile amekwisha kutangazwa. Hili ni jambo la kujadiliwa na kamati, maana wapo wagonjwa wanaopendelea dirisha la haraka kuliko siri, na wote wawili wana hoja.

Kazini sheria iko wazi. Msumbiji ilipitisha Sheria namba 5 ya mwaka 2002 kuwalinda wafanyakazi wenye VVU, na baadaye Sheria namba 19 ya mwaka 2014 inayomlinda mtu, mfanyakazi na mwombaji kazi anayeishi na VVU. Mwajiri haruhusiwi kumpima mtu VVU kama sharti la kumwajiri, wala kumfukuza kwa sababu ya hali yake, wala kuitangaza. Kwa vijana wa Palma wanaotafuta kazi katika mradi wa gesi wa Afungi au kwa wakandarasi wake, hili ni la kukariri. Na sheria haiwahusu wenye makampuni makubwa peke yao. Mama mwenye nyumba anayemfukuza mtumishi baada ya kuliona kopo naye inamgusa.

Pale misaada inapotikisika

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mpango wa Marekani wa UKIMWI, PEPFAR, ulioanza mwaka 2003, ulikuwa mmoja wa nguzo za matibabu ya VVU nchini Msumbiji. Huku Cabo Delgado amri hiyo ilifika mwezi mmoja tu baada ya kimbunga Chido, kilichotua Mecúfi tarehe 15 Desemba 2024. Baada ya siku chache dawa zenyewe ziliruhusiwa kuendelea, lakini kazi nyingi za mtaani zilikatika: wale aktivista waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliokosa tarehe, na akina mama waliowashika mkono wajawazito wapya, baadhi yao waliambiwa wakae nyumbani.

Aktivista wengi ni watu wanaoishi na VVU wenyewe. Kwao ilikuwa kupoteza kazi na kupoteza sababu ya kuaminiwa mtaani siku moja. Nawajua walioendelea kupita kwa miguu bila posho, na sitaki kulisifu hilo sana, kwa sababu kumsifu mtu anayefanya kazi bila kulipwa ni njia rahisi ya kutomlipa. Kamati ya afya ya bairro lako ikikaa, ulizeni nani sasa anawafuatilia waliokosa tarehe, na kama hayupo, muulize mkuu wa kituo kwa maandishi.

Kwa anayesoma haya akiwa na dawa za chini ya wiki mbili, asisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Aende kituoni sasa, na achukue maji ya kunywa. Foleni huanza kabla ya saa moja asubuhi.